Pikipiki ya Baba Imenizidi Kimo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shangazi,

Kabla sijakuamkia ngoja nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Ni mimi niliyeiangusha pikipiki ya Baba.

Haya. Sasa shikamoo. Habari za kazi, za ng'ombe wako, na kile kikohozi? Sisi wazima. Mama bado yuko kwa Bibi anamuuguza, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili, mimi na kaka yako.

Ilikuwa Jumanne iliyopita, mchana. Asubuhi yake nilikuwa nimekabidhiwa leseni, bado ina joto la mashine. Baba alikuwa ameenda kuandika bango la duka la viatu. Nikaivua pikipiki turubai lake, nikapanda, nikaitoa kwenye stendi. Chini nilikuwa nagusa kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayechungulia dirisha la juu. Ikaegemea kushoto kidogo. Nikasema nitaizuia. Haikuzuilika. Ililala na mimi chini yake, mguu umebanwa, na sikuweza hata kumwita jirani ambaye nilikuwa namsikia akifua. Unanijua. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na zote mbili hunikimbia ninapozihitaji. Mwishowe nikajichomoa. Kuiinua sikuweza. Nikaingia ndani, nikafungua kitabu.

Baba aliporudi aliikuta chini, mkono wa klachi umevunjika. Mimi niko dirishani nangoja aniulize. Hakuniuliza. Akasema peke yake, "Nimeiegesha vibaya. Miaka yote hii haijawahi kunilalia." Halafu akaiangalia mikono yake, Shangazi, kiganjani na mgongoni, kama mtu aliyerudishiwa kitu kibovu.

Nikafungua ukurasa mwingine.

Na sasa hiyohiyo ndiyo anataka kunipa. Tarehe moja Aprili naanza kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka kliniki kwenda maabara, na sharti mtu aje na pikipiki yake. Baba amefurahi hadi ametangaza mtaa mzima: Jumapili ya tarehe thelathini nakabidhiwa funguo mbele ya rafiki zake. Mimi naiogopa. Kuna ndogo nimeiona kwenye duka la pikipiki zilizotumika, akiba yangu ya kufundisha tuisheni inaitosha, lakini kila siku napita nje siingii. Wewe ndiye pekee ninayemjua anayeendesha kwa mshahara. Mtu anachaguaje pikipiki ya kwanza? Na namwambiaje Baba?

Usinipigie. Simu yangu Baba huipokea nikiwa bafuni, na akiwa na hamu ya mazungumzo huipokea hata nikiwa nimeishika.

Mwanao,
Spika


Jumapili, tarehe 9 Machi

Spika wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili. Kikohozi kimehama, nadhani kimepata nyumba nzuri zaidi. Ng'ombe hawajambo, nimewachoma sindano mia mbili wiki hii na wote wamenikasirikia. Nilikubatiza Spika kwa utani kwa sababu ulikuwa huongei, na leo naletewa kurasa tatu! Redio imewaka.

Sasa sikiliza. Usianze na rangi, usianze na mlio, na usianze na mwenye duka. Anza na miguu yako. Ukikaa, nyayo zako zifike chini. Si lazima kisigino kigandame, lakini mguu uwe na la kusema. Pili, ishuke uisukume kwa mkono, mbele na nyuma, uigeuze. Utashangaa muda ambao mwendesha pikipiki anautumia kusukuma. Tatu, kumbuka una sanduku la sampuli nyuma. Uzito ule unakaa juu, na uzito wa juu ni mchochezi, unangoja ukosee kidogo tu. Injini ndogo inakutosha. Wewe unabeba damu, hubebi mawe. Na uangalie tairi, mnyororo, breki, na kama usukani unageuka bila kukwama katikati.

Kuhusu Baba yako sitakuambia useme nini. Wala sitamwambia mimi, usiniweke kwenye hilo. Ila usichelewe. Kitu cha namna hiyo ukikiacha ndani kinaanza kudai chumba chake.

Pikipiki ya kaka yangu ni nzuri. Ni nzuri kwa mtu mwenye miguu ya kaka yangu.

Nakupenda sana.
Shangazi yako


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana mimi sikai. Nimeshafagia uani mara mbili tangu asubuhi.

Niliingia dukani. Niliingia kweli! Muuzaji akasema karibu dada, nikasema asante, nikaenda moja kwa moja kwa ile ndogo ya bluu kabla sijabadili mawazo. Nikapanda. Shangazi, miguu haikufika. Ilining'inia yote miwili kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Muuzaji akawa anatazama simu yake, labda kwa huruma. Nikashuka, nikasema asante tena, nikatoka. Kama hata ile ndogo kuliko zote imenizidi, basi mimi si mtu wa pikipiki. Afadhali nikawaambie kliniki mapema.

Na nyumbani mambo yamezidi. Baba amelipaka tangi la pikipiki yake rangi upya, na juu yake ameandika SPIKA, kwa herufi zile anazowawekea wateja wa harusi, zenye kivuli cha dhahabu. Aliniita nione. "Umeipenda?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Sema basi, Spika!" Nikasema nzuri. Na ni nzuri kweli, ndilo linaloniumiza.

Kingine. Jana alikuja mteja anataka ukuta wa ghorofa ya pili uandikwe. Baba alikataa. Alisema siku hizi hapandi ngazi. Mteja alipoondoka nikauliza kwa nini (maneno mawili, nilijikaza). Akasema, "Mtu aliyeshindwa kuegesha pikipiki apande ngazi akafanye nini? Aegeshe roho yake?" Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku kumi na sita zimebaki.

Mwanao,
Spika


Jumanne, tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa, na nimecheka mpaka mlinzi wa ofisi amekuja kuuliza kama ni mimi au ni ndama.

Ile pikipiki ya bluu ilikuwa kwenye stendi gani? Dukani huzisimamisha kwenye stendi ya katikati, ile inayonyanyua tairi la nyuma hewani. Hapo hata mimi miguu yangu inaning'inia! Ulipimwa urefu ukiwa umepandishwa juu ya meza, mama. Rudi. Mwambie aishushe, isimame kwenye tairi zake. Halafu fanya jambo la mwisho ambalo sikulitaja kwa sababu nilijua utaona aibu: ilaze chini uiinue mwenyewe. Igeuzie mgongo, kalio kwenye kiti, mkono mmoja ushike usukani, mwingine chuma cha nyuma, urudi kinyumenyume kwa hatua ndogo. Miguu ndiyo inayoinua. Usiyoweza kuiinua, usiinunue.

Sasa na mimi nikwambie langu. Lile kovu la goti langu, unajua hadithi yake, nilipigwa teke na ng'ombe. Hakuna ng'ombe. Nilipoajiriwa nilipewa pikipiki ya ofisi kubwa kupita kiasi, nikaona haya kusema imenizidi, ikaniangusha kwenye mteremko wiki ya kwanza. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha. Ningemwambia nini? Nikamsingizia ng'ombe. Miaka kumi na moja anamlaani ng'ombe asiyekuwepo.

Ukurasa wako kuhusu ngazi nimeusoma mara nne. Nimeona siwezi kukuhimiza huku nimekaa juu ya langu. Kwa hiyo kaka yangu naye namwandikia, kuhusu goti langu tu. Lako ni lako.

Shangazi yako


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya goti, pole iliyochelewa miaka kumi na moja.

Nilirudi. Muuzaji alinikumbuka. Nikamwomba aishushe kwenye stendi, akaishusha, nikapanda. Nyayo zote mbili zikafika chini, Shangazi. Zote! Nilikaa pale nikizikanyaga sakafuni kama mtu anayejaribu viatu. Nikaisukuma mbele, nikairudisha, nikaigeuza kati ya meza na mlango. Usukani haukwami. Halafu likabaki lile.

"Kaka, naomba kuilaza."

"Kuilaza?"

"Chini."

"Kwani imesema ina usingizi?"

Fundi aliyekuwa nyuma akacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Ningetoka. Mguu mmoja ulishageukia mlangoni. Lakini nikasikia sauti inasema, "Nataka kujua kama naweza kuiinua. Nitakuwa peke yangu barabarani." Ilikuwa sauti yangu, na ilikuwa imenyooka.

Muuzaji akaacha kucheka. Akaleta makatoni, akayatandika, akailaza polepole mwenyewe. Nikaigeuzia mgongo. Mara ya kwanza ilijinyanyua kidogo ikarudi. Fundi akasema, "Dada, usimvute, msukume kwa mapaja." Mara ya pili ikasimama.  Muuzaji ameniwekea mpaka Jumatatu ijayo.

Kwa hiyo dukani niliweza. Jioni ileile tukiwa mezani nikasema, "Baba."

Akaweka kijiko chini. "Ndiyo, Spika."

"Naomba chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Mwanao


Jumamosi, tarehe 29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu, nadhani gari la chanjo limekwama tena, na hata ukijibu leo jibu halitanifikia kabla ya kesho. Naandika hivyohivyo, kwa sababu nisipoandika nitafagia tena.

Barua yako kwa Baba ilifika Alhamisi. Aliisoma kwa sauti, akiwa amesimama. Alipofika penye ng'ombe akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna ng'ombe! Miaka kumi na moja nawachukia ng'ombe wa watu bure!" Halafu kicheko kikakatika katikati. Akaikunja barua. Akasema, si kwangu hasa, "Kwani mimi nang'ata?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga. Alikuwa ameshatoka nje.

Leo tangu mchana anahangaika uani. Amefunga mkono mpya wa klachi. Amepangusa tangi, akapangusa tena. Halafu akaenda nyuma ya nyumba akatoa ngazi zake, ndefu na fupi, akaziosha, akazilaza ukutani. Nikatoka kumpelekea chai, nikauliza anafanya nini. Akasema mwenzake mmoja anayeandika mabango atakuja kesho kwenye sherehe yangu na ataondoka nazo. "Mimi zitaniangusha tu. Bora azitumie mwenye mikono." Alisema vizuri kabisa, kama anayegawa nguo zilizombana. Nikampa chai. Akashika kikombe kwa mikono yote miwili, uangalifu mwingi, kama mzee. Shangazi, Baba si mzee! Amezeeshwa na mimi, kwa karibu wiki tano za kunyamaza.

Nimerudi chumbani. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Najua sitaweza kusema. Ningeweza kukudanganya kwamba nitaweza, lakini mezani tulishaona. Kuandika ndiko ninakoweza. Kwa hiyo samahani, barua hii ilianza kuwa yako, na kuanzia hapa si yako.

Baba,

Hukuiegesha vibaya. Ulikuwa umeiegesha vizuri. Niliitoa mimi kwenye stendi, ile siku ya leseni, ukiwa kwenye bango la duka la viatu, na ikaniangukia, na nikashindwa kuiinua, na nikaingia ndani nikajifanya nasoma. Nilikuona ukiangalia mikono yako. Mikono yako haina kasoro yoyote. Usimpe mtu ngazi zako.

Na pikipiki yako siiwezi. Miguu yangu haifiki. Naipenda, na jina umeliandika vizuri kuliko jina lolote ulilowahi kuandika, lakini nikipanda naogopa, na sitaki kuogopa nikiwa nimebeba damu za watu. Kuna ya bluu dukani. Niliilaza, nikaiinua peke yangu. Ningependa uje uiangalie mnyororo, mimi bado sijui mnyororo mzuri unalegeaje.

Sikukwambia kwa sababu

Nasikia ndara zake, Shangazi. Ametoka uani, amepita jikoni, anaweka kikombe. Anauliza niko wapi. Nyumba ya vyumba vitatu, lakini bado anauliza.

Mkono umeshaikunja karatasi nusu na umekwenda nayo chini ya godoro, wenyewe, bila kuniuliza. Hapo ndipo barua zako zote zilipo. Nimeurudisha. Naikunjua, naandikia juu ya mkunjo, ndiyo maana herufi zimepinda.

Yuko ukumbini. "Spika?"

Nimesema, "Niko huku, Baba."

Nasogeza kiti ili na yeye apate pa kukaa asome.