Mchanga Uliouonja, Babu

Babu yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sikuthubutu kuanza bila ya kukuamkia.

Gati lako limo kitabuni. Na wewe umo, kwa jina.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikucheka jikoni, pale Stratford? Kila ulipoanza kusimulia ulivyotoka Unguja baada ya Mapinduzi, ukaajiriwa Uingereza na idara iliyolijengea jeshi la wanamaji magati na maghala, Mama alikukatiza: "Haya, Baba, leo tena umejenga gati peke yako?" Nawe: "Peke yangu, kwa ulimi wangu!" Ulisema uliuonja mchanga kabla zege halijachanganywa, maana chumvi hula vyuma vilivyomo ndani yake. Tulicheka. Nami nilicheka, Babu. Tangu tukuzike, kicheko kile kilikuwa kikinichoma.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kusaidia kuandika historia ya idara ile, nilikutafuta wewe kwanza. Faili baada ya faili: wahandisi, makamanda, tena wahandisi. Fundi hata mmoja hakutajwa. Mhariri akaniambia bila ya karatasi hakuna sura ya mafundi.

Juzi nikafungua mchoro wa gati. Nyuma yake pana mistari minne ya penseli, na mtunza nyaraka amebandika: "Maandishi yasiyosomeka."

Yasiyosomeka! Kiswahili chetu, kwa herufi za Kiarabu, na ile nuni yako yenye tumbo. Herufi ulizonifundisha kwa kunilipa kipande cha halua ya maduka ya Edgware Road kila mstari.

"Juma, mchanga huu una chumvi. Nimeuonja mara mbili. Usichanganye, warudishie, wakasirike wapendavyo. Mimi Salim, fundi wa zege."

Juma, yule mwenzio wa zamu uliyekuwa ukimsimulia, hakujua kusoma Kizungu. Ungemwandikia vipi tena?

Nilisoma kwa sauti. Chumba kizima kikageuka kunitazama, mimi nalia na kucheka. Mhariri amekubali sura. Mama nilipompigia simu alisema, "Kumbe mzee alikuwa mkweli! Ila ile halua alikuwa akiiiba kabatini mwangu."

Pumzika, fundi wangu. Kitabu kikitoka nitakuja makaburini nikusomee sura yako, yote, kwa Kiswahili. Na mtoto wa kaka, anayenijibu kwa Kiingereza tu, jana ameandika alifu yake ya kwanza. Imepinda kidogo. Halua nimempa.

Mjukuu wako,
Zuwena