Mama, Wameunyoosha Moyo Wangu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kisha nikaketi, maana siku hizi hata kuitikia kunanichosha. Niko nyumbani Butimba, kitanda wamekisogeza dirishani, na tangu nitoke hospitali kazi yangu ni kumeza dawa na kupokea pole. Watu wanakuja, mama. Wanakuja na pole zao na habari za wagonjwa wao waliokufa, nami nawasikiliza wote. Ulinifundisha kwamba mgeni haonyeshwi uchovu, ila hukunifundisha uchovu wenyewe niuweke wapi.

Ulipofariki niliacha kuja Kisesa mara kwa mara, kwa hiyo hujui mengi. Jinari, kile kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa nikishona magunia, imefungwa. Chama cha ushirika kilishindwa kununua pamba, wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, na sisi tukapunguzwa kazi. Nikapata kibarua kwenye kiwanda cha samaki ufukweni. Sangara anashushwa, anachunwa, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunarudi nyumbani na mapanki, yaani kichwa na mifupa yake. Siku nzima nilisimama kwenye baridi, mabuti ya mpira miguuni, kisu mkononi. Huko ndiko moyo ulikoanzia vituko.

Unakwenda mbio, unasita, unaruka, unakwenda tena. Macho yanaingia giza. Wenzangu wakasema ni presha, mmoja akasema nimetupiwa kitu. Nilipodondosha kisu tena, msimamizi akaniambia niende hospitali na nisirudi mpaka nipone. Maneno hayo siku hizi yana maana yake, mama, kwa sababu nje ya geti wanawake wanapanga foleni wakisubiri mabuti yako.

Hospitali wakanibandika nyaya, mashine ikachora mistari kwenye karatasi. Daktari alikuwa mgeni, amekuja Mwanza kwa muda tu, na mashine yake. Akanionyesha ile mistari, imetawanyika hovyo. "Moyo umepoteza mpigo wake, mama. Tukiuacha hivi, utachoka usimame. Tutakulaza usingizi, tuushtue kidogo kwa umeme, urudi kwenye mstari." Kwanza nikanywa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa majuma kadhaa, ndipo akanipangia siku. Sharti lilikuwa moja tu: siku hiyo nisile kitu chochote.

Na siku hiyohiyo dada yako akafika wodini. Mama Mkubwa alivuka na kivuko cha kwanza kutoka Sengerema, bakuli limefungwa ndani ya kanga. Michembe, vile viazi vya kukausha, kwa karanga, mama, kama uliyokuwa ukitupikia wewe. Nikamwambia nimekatazwa kula. Akanitazama weee, halafu akasema, "Mama yako sasa ni mimi. Mgonjwa akikataa chakula cha mama yake ameshaaga huyo. Unaniaga?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwetu mikono iliyoleta chakula hairudi nacho, na mikono ile inafanana mno na yako. Nikala vijiko viwili vitatu, nikijidanganya kwamba hivyo si kula.

Nesi aliliona bakuli. Daktari hakugomba, alikaa tu ukingoni mwa kitanda akaeleza kwamba nikilazwa usingizi na chakula tumboni, kinaweza kupanda kikanikaba nisiamke tena. Akaahirisha hadi wiki iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwisho kwake. Baada ya hapo angeondoka na mashine yake, na nani angejua lini ingekuja nyingine. Mama Mkubwa alisikia yote. "Ina maana ningekuua?" akauliza. Nilimkasirikia, nikajikasirikia na mimi.

Hakurudi Sengerema. Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha wodi, akasema bila kunitazama, "Mama yako alikuwa na ugonjwa huuhuu."

Akaniambia ulivyokuwa ukikaa chini katikati ya shamba la pamba, mkono kifuani, ukisema, "Ngojeni upite." Hayo nayakumbuka, mama. Nilikuwa nachuma mbele yako, nageuka, nakuona umekaa, nadhani ni jua tu. Ambayo sikuyajua ni yale waliyosema nyuma yako. "Wakwe zake walisema wametoa ng'ombe wao kwa mwanamke mvivu," akasema. "Nami dada yake nilicheka pamoja nao."

Mvivu! Wewe uliyelima, ukapalilia, ukachuma, ukatuchotea maji na moyo wa namna hiyo ndani! Nilitaka kuinuka nimwachie kibaraza chake, lakini bila mkono wake nisingefika kitandani. Tukakaa hivyohivyo, mimi na yeye, mpaka wakaja kunipima. Hasira hiyo ninayo hadi leo, na sijui nimpelekee nani, kwa kuwa wengi wao wameshakufa.

Siku ilipofika Mama Mkubwa naye alishinda na njaa. Alikaa kwenye benchi mlangoni tangu asubuhi, na kila aliyekuja na sufuria au chupa ya uji akamrudisha, hata mke wa mchungaji. "Chakula hakipiti hapa." Daktari alipokuja akamzuia na yeye. "Eti mnamuua kwanza, ndipo mnamfufua?"

"Hapana, bibi. Tunamlaza tu."

"Basi mlaze polepole."

Vile vyuma vyao vya umeme ni viwili, vina mishikio kama pasi. Niliviona, nikachomwa sindano, na sikumbuki kingine. Nilipoamka kifua kilikuwa kinauma kama nimepigwa teke na ng'ombe, na ngozi imeungua. Daktari akaniwekea karatasi mpya mbele ya macho. Mistari ilikuwa imepangana. Mama Mkubwa alilia kwa sauti, wodi nzima ikageuka, na sidhani kama alikuwa ananililia mimi.

Basi wanasema nimepona. Daktari aliniambia mpigo unaweza kupotea tena wakati wowote, kwa hiyo nashinda nikiuvizia. Ndoo ya maji inanishinda. Kiwandani nafasi yangu imeshachukuliwa. Labda nitauza dagaa hapa nje, sijui, leo sitaki hata kufikiri. Nimechoka, mama, uchovu ambao ukilala unaamka nao.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nilipokuwa mdogo, mchana tukitoka shamba, ulikuwa ukinilaza kifuani pako. Moyo wako ulikimbia, halafu ukasita. Ukisita, nilifumbua macho nikasubiri. Ukianza tena, nikafumba. Nilidhani mioyo ya akina mama wote hupiga hivyo, na kwamba kusubiri ndiyo kazi ya mtoto.

Jana mjukuu wako, huyu mwenye jina lako, alipanda kitandani akaweka kichwa kifuani kwangu, palepale palipoungua. Paliuma, sikumwondoa. Nilimwangalia mpaka jua likahama dirishani. Hakufumbua macho hata mara moja.

Naishia hapa, mama, mkono umelegea. Huko uliko, pumzika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ni mimi,
Mwanao wa kwanza