Mgahawa wa Chiriku na Kiti Nilichokigawa

Duka la Ushonaji,
Mkabala na Kituo cha Zimamoto.
Jumanne, 14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na kama si mzima basi zikukute umekaa kitako na mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza. Goti linaendeleaje? Najua utasema halijambo hata kama limevimba, kwa hiyo swali hilo nitamuuliza jirani yako. Bado unalala huku redio ikiongea peke yake? Mimi sijambo. Macho tu ndiyo yanaanza kunigomea kwenye tundu la sindano, ila mkasi bado unanitii.

Hukuniuliza habari za mgahawa wa binti yako, nami nitakusimulia hivyo hivyo. Ukitaka kuikunja barua hapa, ikunje. Lakini nakujua tangu ukitambaa: utaisoma mpaka mwisho huku ukijifanya unatafuta miwani.

Chiriku alirudi kutoka ng'ambo na mpishi mwenzake, kijana mrefu asiye na maneno. Mimi namwita Kimya, naye haonekani kukasirika. Na hata akikasirika, nani atajua? Walikutana wakiosha masufuria katika jiko moja la hoteli. Binti yako alikuwa amejifunza mapishi ya Kihispania, Kimya ya Kijapani, wakaona hakuna sababu ya vyakula hivyo viwili kutojuana. Jengo hawakuwa nalo. Ndipo Chiriku akaja kuniomba karakana yangu kwa siku za mwisho wa juma, wakati cherehani zimelala.

"Ni mgahawa wa muda tu, Shangazi," akaniambia. "Tunaufungua wiki chache, halafu tunaufunga kabla watu hawajatuchoka."

Nikamwambia tangu nizaliwe sijasikia mtu anafungua biashara kwa nia ya kuifunga. Akacheka kile kicheko chako, na mimi nikatoa funguo.

Tulizisukuma cherehani ukutani tukazifunika mashuka. Ile meza yangu ndefu ya kukatia vitambaa ikawa meza pekee ya mgahawa, wageni wote wakiizunguka bega kwa bega. Yale masanamu ya kuvalisha nguo tuliyaficha bafuni, mpaka mama mmoja alipokwenda kunawa mikono akakutana nayo hayana vichwa. Alipiga yowe hadi wazimamoto wakatoka nje kuangalia.

Chakula chenyewe kinakuja katika visahani vidogo, tonge mbili tatu kila kimoja. Mara ya kwanza nilidhani wananionjesha, nikakaa nikingoja chakula kamili. Kamba waliokaangwa kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, wamenyunyiziwa mwani mkavu uliosagwa. Pilipili hoho za kuchoma zilizoloweshwa kwenye sosi ya soya. Samaki mbichi juu ya kipande cha mkate uliosuguliwa nyanya. Huyo nilikula kiapo kwamba sitamgusa, kisha nikaomba tena.

Mwanzoni wapishi hao nusura wagombane. Chiriku alitaka vyote viwekwe mezani kwa pamoja, watu wapokonyane na kuongea kama Wahispania. Kimya alitaka kila kisahani kije kwa zamu yake na wakati wake, kama alivyofundishwa. Mwisho wakapatana hivi: visahani vitatoka kimoja kimoja, lakini meza nzima itaanza pamoja na kumaliza pamoja. Kwa hiyo kisahani cha kwanza kikishatoka, hakuna anayeingia tena. Mlango unafungwa, na kibao kinageuzwa upande ulioandikwa TUMEJAA. Kazi hiyo ya ubawabu nilipewa mimi, maana walisema nina uso wake.

Sasa nisikilize. Kisahani cha mwisho kabla ya vitamu kilikuwa kimanda cha viazi. Ni cha Kihispania, ila kimekunjwa tabaka kwa tabaka kama cha Kijapani, na upande mmoja umeungua. Wageni walikuwa wakitafuna huku wamefumba macho, wakiambiana kwamba ladha ile ya moshi bila shaka ni ufundi wa Kijapani wa tangu enzi. Kimya akikaa kimya. Wahispania hawaunguzi kimanda, na Wajapani hawaunguzi. Anayeunguza ni wewe. Ndicho ulichokuwa unampikia Chiriku kila Jumapili baada ya mama yake kufariki, kwa sababu hukujua kupika kingine, na hicho chenyewe hukukijua vizuri.

Siku ile ulipotamka mbele ya ukoo mzima kwamba hukumsomesha upimaji ardhi ili akawapikie watu baki, alinyamaza. Sijawahi kumwona Chiriku akinyamaza, si kabla wala baada. Lakini hakuacha kukungoja. Kila siku ya mgahawa kulikuwa na kiti kimoja mwishoni mwa meza, karibu na jiko, ambacho hakikuuzwa kwa mtu. Kila kisahani kikitoka alikuwa anakitupia jicho kile kiti, kisha mlango, kisha anarudi kwenye moto. Hakusema ni cha nani, nami sikumuuliza.

Nilikupigia simu nikakutajia Jumapili ya mwisho. Ukasema, "Nimesikia." Kisha ukaanza kunieleza bei ya saruji. Ningefanya nini? Nilikata tamaa na wewe, ndugu yangu, nakuambia kweli.

Jumapili hiyo ilipofika, Chiriku alikuwa ameamka na macho mazito. Nikamwona anakipangusa kile kiti kabla ya viti vingine. Nikajiambia, leo mtoto huyu hatapika huku anatazama mbao tupu mpaka mwisho. Akaja muuguzi mmoja aliyetoka zamu, bado amevaa sare, ana njaa na hakuwa ameweka nafasi. Kwa desturi ningemrudisha. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kile kiti mimi mwenyewe. Kisahani cha kwanza kilipotoka, nikafunga mlango na kugeuza kibao.

Chiriku alipoona kiti kina mtu alisimama kidogo na kisahani mkononi. Kisha akamkaribisha muuguzi kwa adabu zote. Sikuweza kujua kama nimempunguzia uchungu au nimemwongezea. Lakini aliacha kutazama mlango, na mimi nikajipongeza.

Jumatatu asubuhi nikatoka kufagia. Fundi viatu anayekaa kwenye kona ya duka letu akaniita.

"Mama, jana mzee mmoja alipita kwangu nikampigia viatu rangi. Hakuridhika, akataka nirudie. Nikamtania, vipi mzee, unakwenda kuoa? Akasema hapana, naenda kula kwa binti yangu."

Nikamwambia wazee wenye mabinti ni wengi.

"Huyu anachechemea kidogo, Mama. Na ana pengo la meno kama lako."

Ufagio ulinitoka mkononi. Anasema ulikwenda mpaka kwenye kioo cha mlango, ukakisoma kibao, ukaweka kiganja juu ya macho ukachungulia ndani. Ulikaa hapo kitambo. Hukubisha hodi. Ulipopita tena kwake alikuuliza kama umesahau kitu, ukamjibu, "Wamejaa. Vizuri. Wamejaa." Ukashika njia ya kituo cha basi.

Mdogo wangu, najuta. Ulisafiri njia yote hiyo na goti lako bovu, na aliyekufungia mlango ni dada yako mwenyewe, tena akijiona ana busara. Ningeinua macho mara moja tu ningekuona. Nilikuwa nimekupa mgongo, nawamiminia wageni maji. Na wewe nawe! Kichwa kigumu kama hicho ulikipata wapi? Ungegonga kioo tu. Ningempakata yule muuguzi kama ingebidi. Hata zile rangi za viatu, kama ungeridhika na mkono wa kwanza, labda ungenikuta bado nimesimama mlangoni. Unisamehe. Nakuomba radhi kwa moyo wangu wote, na hasira hizi zisikudanganye.

Nilifikiri nimfiche Chiriku. Nilijaribu tangu asubuhi hadi mchana, ikanishinda. Alikuwa chini sakafuni anavifunga visahani kwenye magazeti, maana Alhamisi wanahamia mji mwingine, kwenye ukumbi wa fundi seremala. Nikamweleza yote. Hakulia wala hakunilaumu, ingawa ningeshukuru angenilaumu. Aliniuliza neno moja tu.

"Alikuwa amevaa nini?"

Sikujua. Nikatoka kumwita fundi viatu, akaingia akiwa bado ameshika brashi, akasimama mbele ya binti yako kama shahidi mahakamani. Akasema ulikuwa na suti ya kijivu, koti limekukaa barabara, na leso mfukoni.

Suti hiyo nilikushonea mimi kwa ajili ya mahafali yake. Wote wawili tunajua kwamba tangu mlipokosana hujaivaa, si harusini wala msibani. Chiriku alijifunika uso kwa aproni. Kimya akaja, akakaa sakafuni kando yake, akaendelea kuvifunga vile visahani peke yake.

Baadaye nikamwambia akupigie simu. Akatikisa kichwa.

"Nikimpigia atasema fundi viatu kamfananisha."

Nilitaka kukutetea. Nikashindwa, kwa sababu ndivyo utakavyosema. Nakusikia hata sasa: ulikuwa na shughuli zako huku, ulikuwa unapita, suti za kijivu ziko nyingi.

Nimembembeleza mpaka amekubali. Atakupigia Jumapili, wakishamaliza kufungua mizigo. Hatakuomba umsifu, wala hatakuuliza habari za upimaji ardhi. Atakuuliza kama ulikuja. Nakuomba, mdogo wangu, mimi niliyekubeba mgongoni: usikane. Mwambie ulikuja.

Nisalimie Mama Mkubwa, na umwambie gauni lake liko tayari, nimelipunguza kiunoni kama alivyotaka ingawa atakuja kujuta. Msalimie mjomba na mkewe, na wale mapacha wa binamu yetu, uwaambie waache kupanda juu ya paa. Jirani yako mshukuru kwa kukuangalia. Fundi viatu naye anakusalimu. Anasema ukija tena rangi ni bure.

Mungu akutunze, akuponye hilo goti, na Jumapili hiyo akulainishie ulimi kabla simu haijalia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikufungia mlango,

Shangazi yake Chiriku