Kanga Usoni, Saa Sita Mchana

Jumanne, 6 Julai 1976

Saa sita kamili, tumelala tena. Siku ya pili hii. Wenzetu wako juu kwenye bembea, sisi tuko chini ya mti kama mizigo iliyosahauliwa kituoni.

Likizo hii nimeingoja tangu Februari. Kule hospitali ninakofanya kazi walibandika karatasi ukutani: kadi ya wiki nzima ya bustani ya bembea, kwa familia, anayetaka aandike jina. Nikaandika wa kwanza. Nilishapanga kila kitu. Tuingie asubuhi, tutoke jioni, Rehema apande kila kinachozunguka mpaka achoke mwenyewe. Ana miaka saba. Agosti anaanza shule hapa Hallunda, nje kidogo ya Stockholm, na begi lake keshalining'iniza mlangoni.

Sikumpangia wifi. Mwanaidi, dada mkubwa wa mume wangu, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu yuko wiki ya tatu, na jembe kanipa mimi. Yeye ndiye aliyetoa amri ya kulala mchana. Eti jua la saa sita linaingia kichwani na halitoki. Jua la Stockholm! Ikifika saa sita anamshika Rehema mkono na kumtoa kwenye foleni, hata kama amebakiza watu wawili mbele yake. Tunatandika blanketi kule nyuma ya vibanda, kwenye nyasi. Wifi anajifunika kanga gubigubi, kichwa hadi vidole, na kabla sijavua viatu anakoroma. Mume wangu Bakari naye hivyo hivyo. Dada yake ndiye aliyemlea, kwa hiyo dada akisema lala, analala.

Mpaka saa nane. Muda wa saa mbili kila siku. Rehema analala chali macho wazi, anasikiliza watoto wenzake wakipiga mayowe ya furaha.

Nimechukia.


Jumatano, 7 Julai

Leo nilisema. Nilisema kwa adabu kabisa kwamba mimi na mtoto tutabaki kwenye bembea, wao wapumzike. Wifi akacheka. Akasema watu wa bara mmezoea jembe, kustarehe hamkufundishwa. Mimi wa Morogoro, ndiyo bara yangu hiyo. Bakari akacheka pia. Nimemwandika deni.

Kisha akamgeukia Rehema, akamuuliza kwa Kiswahili kama amechoka. Rehema akamjibu Kiswidi, kama anavyotujibu sisi sote. Anasikia kila neno, ila jibu linatoka Kiswidi. Wifi akasema mbele za watu, "Huyu mtoto ni wetu au mmemwazima?"

Nililala na wao, uso wazi. Mimi sijifuniki uso hapa Sweden, nilishapata somo. Mwaka wangu wa kwanza wodini nilijilaza kwenye chumba cha mapumziko na kanga usoni, kama tunavyolala kwetu. Akaingia Aino, Mfini tunayefanya naye kazi. Alipiga kelele hadi wagonjwa wakaamka. Hapa aliyefunikwa uso ni maiti, hakuna mwingine. Tangu siku hiyo nalala uso wazi kama samaki sokoni.

Wifi sijamwambia hilo. Halikuwa na haja, kule nyuma ya vibanda hapiti mtu.


Alhamisi, 8 Julai

Nataka niandike leo leo.

Saa sita tulilala. Sikuwa na usingizi, nilifumba macho tu ili nisimwone wifi. Rehema alisinzia kweli, maana jana alilala vibaya. Wifi hakukoroma. Baada ya kitambo nikamsikia anamwita Bakari kwa sauti ya chini. Akamuuliza kama nimelala. Bakari akasema nimelala.

Wakaanza kuongea. Nimeyasikia yote. Rehema anaondoka naye tarehe ishirini. Tiketi ya mtoto imekwisha katwa, pasipoti yake iko kwa Bakari kazini ili nisiione. Atakaa Tanga kwa shangazi yake, asome Kurani chuoni, Januari aingizwe shule, atolewe huo Uswidi kichwani. Mpaka lini? Mpaka akue. Bakari akasema, "Mama yake nitamwambia siku moja kabla. Akijua mapema atalia sana."

Nitalia. Ndicho anachoogopa, kelele.

Najua mila. Shangazi ana haki kwa mtoto wa ndugu yake, hata kwetu watoto wanalelewa na shangazi zao. Lakini kwetu mama anaombwa. Watu wanakuja, wanakaa, wanasema, mama anajibu. Mimi nimezungukwa nikiwa nimelala. Kumbe mapumziko yao yote ya mchana yalikuwa baraza. Wananilaza ili wapange.

Kikulacho ki nguoni mwako. Saa nane nilinyanyuka, nikakunja blanketi, nikamuuliza wifi kama amepumzika vizuri. Akasema vizuri mno.

Atapumzika. Ngoja.


Ijumaa, 9 Julai

Mvua. Hatukutoka.

Nimepika mchuzi, nikatia pilipili kumi na mbili. Wifi akala, akajipangusa jasho, akasema leo ndiyo nimepika. Akaomba tena. Mimi ndiye niliyeungua ulimi.

Jioni Rehema alivaa begi la shule, akatembea nalo kutoka jikoni hadi sebuleni, akarudi. Bakari akamtazama, kisha akatazama chini. Ningekuwa na kitu mkononi wakati ule ningemrushia.

Nikimwambia kwamba najua, ataniambia nimekosea kusikiliza ya watu, kisha atamwita dada yake, na mimi nitakuwa mmoja dhidi ya wawili. Kwa hiyo ninanyamaza. Nimefikiria jinsi ya kumuumiza huyu mwanamke pale panapomuuma kweli. Pilipili si pake. Pake ni heshima. Hajawahi kutoka kichwa wazi. Hajawahi kuchekwa. Anapita njiani kana kwamba njia ni yake.

Nimepajua.


Jumamosi, 10 Julai

Nimefanya.

Bakari aliitwa kiwandani, kuna mashine imekwama. Tukaenda watatu. Treni hadi Slussen, kisha kivuko. Hali ya hewa nzuri, watu wengi kuliko siku zote. Ilipofika saa sita nikamwambia wifi kule nyuma ya vibanda pamelowa kwa mvua ya jana. Uongo. Nikampeleka kwenye nyasi kando ya njia kuu, pale wapitapo wote waingiao na watokao. Nikatandika. Nikasema nitampeleka mtoto chooni, yeye alale.

Akaniomba nimfunike, nzi wengi. Nikamfunika. Nilivuta kanga mpaka juu ya kichwa, nikaichomeka chini ya kisogo isipeperuke. Nikamnyoosha miguu. Nikaziweka sawa nyayo zake. Nimewafunika wengi wodini, mikono yangu inaijua kazi hiyo. Akasema ahsante.

Kisha nikamchukua Rehema, tukapanga foleni ya gurudumu kubwa. Alikuwa anarukaruka. Tulipofika juu kabisa likasimama kupakia watu chini, na kutoka pale njia kuu yote inaonekana.

Kwanza alisimama mama mmoja na kigari cha mtoto. Akajishika mdomo. Wakasimama wawili, watano, duara. Akaja mlinzi wa bustani, akainama, akaita, hakuthubutu kugusa. Alipoinuka alivua kofia yake, akaishika kifuani. Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka kiti kikatikisika. Wiki tatu zote zilinitoka kifuani kwa mkupuo mmoja. Wakaja watu wawili wanakimbia na machela.

Rehema akanishika mkono. Akauliza, na aliuliza kwa Kiswahili, "Mama, shangazi amekufa?"

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia.

Gurudumu likazunguka, tukashuka. Nilipofika chini wifi alikuwa ameshaamka. Muuguzi aliyekuja na machela alikuwa amemfunua uso ili amshike mshipa wa shingo, na wifi alifumbua macho akakuta watu mia wamemwinamia. Kichwa wazi, nywele zimesimama. Anasukuma mikono, muuguzi anambembeleza alale kwenye machela, wote wanamsemesha, yeye anapiga kelele, "Niacheni! Niacheni jamani!" Hakuna aliyemwelewa. Kuna waliocheka sasa, kicheko cha watu waliopata hofu. Ndivyo hasa nilivyotaka. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokipanga.

Rehema aliniponyoka. Alipita katikati ya miguu ya watu. Akawaambia kwa Kiswidi kwamba huyu ni shangazi yake, alikuwa amelala tu, kwao watu wanalala hivi. Mtoto wa miaka saba, amewaeleza watu wazima wakaelewa. Kisha akamwokotea kanga, akamfunika kichwa, akamwambia kwa Kiswahili, "Shangazi, usife. Tunakwenda nyumbani."

Mimi nilifika wa mwisho.


Jumapili, 11 Julai

Wifi hakutoka chumbani. Nimempelekea uji, nimeukuta umeganda. Kadi ya bustani inaisha leo, hakuna aliyeitaja. Bakari anauliza kulikuwaje. Nimemwambia Waswidi hawajui watu wanavyolala.

Sijuti. Naandika tena ili nikisoma kesho nijue nilisema hivyo: sijuti.

Saa sita wifi akaniita. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kanga ile ile. Hakuinua sauti. Alisema, "Nilifumbua macho, wifi, nikatafuta uso mmoja wa mtu wangu. Mmoja tu. Sikuuona."

Kisha akaniambia alikuja hapa kumchukua Rehema. Aliniambia yote: tiketi, pasipoti, tarehe ishirini. Nilijifanya nimeshtuka, na sidhani kama alidanganyika. Akasema usiku kucha alikuwa anamwona mtoto anaamka Tanga asubuhi ya kwanza, anatafuta uso wa mama yake. Akasema hawezi. Atamwambia Bakari mwenyewe, tiketi irudishwe.

Nikageuka kutoka. Akaniita tena.

"Wifi. Ulinifunika vizuri sana."

Sijui ilikuwa shukrani au mashtaka. Nilisema hewala, nikafunga mlango. Kama anajua, na ajue. Na mimi nilijua ya kwao.


Jumatano, 14 Julai

Bakari amerudisha pasipoti. Ameiweka juu ya meza bila neno, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoitoboa. Nimeifungia kwenye sanduku langu, ufunguo niko nao.

Hajaomba radhi. Mimi sijampa salamu tangu Jumapili. Chakula nakiweka mezani naondoka. Na dada yake akiondoka hatakuwa na wa kucheka naye. Zamu yake bado, na mimi sina haraka.

Mchana wifi halali tena. Anakaa dirishani anatazama treni. Rehema anakaa naye, anamhesabia mabehewa kwa Kiswidi, na wifi anayarudia nyuma yake, ett, två, tre, kwa ulimi mzito wa mtu mzima. Nimesimama mlangoni nikiwatazama, na nilikasirika, sijui kwa nini. Nilishinda mimi.


Jumanne, 20 Julai

Wifi ameondoka. Tumemsindikiza uwanja wa ndege wa Arlanda sote watatu. Alimkumbatia Rehema kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono, akaushikilia, akanitazama usoni mpaka nikatazama pembeni. Akasema nitunze mtoto. Kana kwamba nilihitaji kuambiwa.

Nyumba imekuwa kubwa.


Jumamosi, 24 Julai

Likizo inaisha Jumatatu. Leo mchana usingizi ulinishika saa sita kamili, peke yake, bila amri ya mtu. Mwili umezoea. Nikajilaza sebuleni. Jua lilikuwa linapiga kupitia kioo, na bila kufikiri nikavuta kanga usoni, kwa mara ya kwanza tangu yule Aino. Nililala usingizi mzito wa Morogoro.

Nilipoamka uso wangu ulikuwa wazi. Kanga ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni. Rehema alikuwa amekaa sakafuni karibu na kichwa changu, kiganja chake mbele ya pua yangu. Sijui alikaa hivyo muda gani. Bakari alikuwa amesimama nyuma yake. Akaniambia taratibu kwamba mtoto anamfanyia hivyo hata yeye, kila alalapo, tangu siku ile ya bustani.

Chini watoto wenzake walikuwa wanamwita akacheze. Nikamwambia aende. Akatikisa kichwa.

"Lala, Mama," akasema. "Mimi naangalia."

Nikafumba macho. Sikulala. Nilikaa hivyo, uso wazi, navuta pumzi kwa nguvu ili aisikie, mpaka saa nane.