Shahidi Mwenye Mkia

Mdogo wangu mpendwa,

Naamini barua hii inakukuta mzima, mkasi mkononi na mteja kitini. Shemeji yako anakusalimu sana, na watoto wanauliza kama baba yao mdogo bado huwanyoa watu huku akiwasimulia siri za waliotangulia kunyolewa. Nami sijambo kwa kadiri. Hiyo "kwa kadiri" nitaieleza, ila usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Unajua hapa chuoni kila utafiti wa shahada ya uzamivu una jopo lake, na kila jopo lazima liwe na mtu mmoja wa fani ya mbali, asiyejua kitu, ili aulize yale ambayo wajuzi wanaona haya kuyauliza. Kwa sifa hiyo ya kutojua kitu mimi huitwa mara nyingi. Safari hii nimepangiwa binti wa tiba ya mifugo, anayemfundisha mbwa kunusa kansa ya utumbo mpana. Mwenyekiti wetu ni mama wa kemia, na wa tatu ni bwana wa takwimu, ambaye maneno humtoka kama maji ya bomba la ghorofa ya juu. Mbwa anaitwa Karani, kwa sababu hunusanusa kila kitu kisha hukaa.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa, hata mimi niliielewa. Wagonjwa wa hospitali na watu wenye afya hutoa kila mmoja kipande cha fulana aliyolala nayo. Vipande hutiwa kwenye makopo yenye matundu, makopo yakapangwa sakafuni, na Karani hupita. Akinusa ugonjwa, hukaa mbele ya kopo. Asiponusa, hupita zake. Kopo lipi ni la nani, anajua bwana wa takwimu peke yake. Binti alipopungukiwa na watu wenye afya, nami nikatoa fulana yangu kwa moyo mkunjufu. Mwenyekiti akasema afadhali, Historia nayo imepata cha kuchangia.

Siku ya kutuonyesha, Karani alikaa mbele ya makopo yote ya wagonjwa bila kukosea. Kisha akakaa mbele ya moja zaidi, na bwana wa takwimu akatangaza kwamba hilo ni la mtu mzima, asiye mgonjwa. Wakayapanga upya; mbwa akalifuata lilipo, akakaa. Binti akawa kama aliyemwagiwa maji. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, na upole wake ndio mbaya, kwamba mbwa wa namna hiyo atawapeleka watu wazima kwenye kisu. Alete maelezo kikao kijacho, la sivyo utafiti utafungwa.

Hapo ugonjwa wangu wa kazi ukaamka. Mwanahistoria, ndugu yangu, analishwa na kutomwamini shahidi. Nilikuwa nimeona mkono wa binti ukiingia na kutoka mfukoni, nikajiambia kumbe mbwa hanusi chochote, anamsoma bosi wake, na bosi kakisia vibaya. Nikamvuta mwenyekiti kando koridoni nikamnong'oneza. Akaagiza jaribio lirudiwe binti akiwa nje ya chumba. Karani akapita, akakaa mbele ya kopo lilelile.

Sikukubali. Nikamgeukia bwana wa takwimu, nikamuuliza kama hakuchanganya namba. Akajibu kwamba namba hazichanganyiki, watu ndio huchanganyikiwa. Nikadai kopo lifunguliwe, maana nilishuku limepakwa kitu. Likafunguliwa. Ndani mlikuwa na kitambaa cha buluu chenye alama ya kuunguzwa na pasi, na pasi yenyewe ninaijua, na mwenye kuiacha juu ya nguo akienda kujibu simu ninamjua pia. Amekusalimu hapo juu. Mwenyekiti akaniuliza kama nimeona lolote. Nikasema sijaona kitu. Bwana wa takwimu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyumbani nikaendelea na uchunguzi. Nilimshuku paka, maana hulala juu ya nguo zangu. Nikashuku sabuni. Nikamhoji shemeji yako kuhusu dawa ya mgongo anayonipaka, mpaka akasema kama nina kesi nimpeleke mahakamani, kama sina nile chakula kinapoa. Kesho yake nikajipitisha kwenye banda la Karani kama mtu aliyepotea njia. Akaniinukia, akanusa kiunoni taratibu, kisha akakaa akanitazama usoni. Sijawahi kutazamwa hivyo na shahidi yeyote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa ninakisaka nguoni mwa wenzangu.

Basi nikaenda hospitali. Ndugu yangu, ni kweli. Wamekuta uvimbe kwenye utumbo, na vipimo vimesema ndio ugonjwa wenyewe. Ni mdogo na daktari anasema tumeuwahi. Nitapasuliwa wiki ijayo. Shemeji yako anajua. Watoto bado.

Kikao kilipofika nilisimama nikasema kopo lile ni langu, majibu ya hospitali haya hapa, na binti huyu nilimsema vibaya koridoni bila kosa. Nilidhani atafurahi, kwa kuwa utafiti wake umepona. Akaniuliza tu kama nimepata mtu wa kukaa nami hospitali. Bwana wa takwimu akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa mara ya kwanza katika kazi yake angependa mbwa awe amekosea.

Sasa zamu yako. Daktari anasema ndugu wa damu lazima wapimwe, na ndugu wa damu ninaye mmoja, kinyozi, anayeamini kuwa hospitali ni mahali watu wazima huenda kutafutiwa magonjwa. Nilijaribu kukurahisishia: nilimwomba binti nimletee fulana yako. Alikataa katakata. Alisema Karani bado ni mwanafunzi, si daktari, na mtu mwenye miguu aende mwenyewe.

Kwa hiyo nenda. Funga duka asubuhi moja, waache wateja na nywele zao, hazitawaua. Nataka nikizinduka kitandani, habari ya kwanza nitakayoisikia iwe kwamba umeshapimwa. Usipokwenda, nikipona nitakuja na Karani hapo dukani mchana kweupe, apite mbele ya kiti chako, na wateja wako wote wakae kimya kungoja kama atakaa au atapita.

Wasalimie nyumbani wote, na mke wako msomee barua hii, usimsimulie. Nakujua kwa kuruka.

Ni mimi kaka yako anayekuhitaji,
Mwalimu Vumbi