Manjano ya Viganjani mwa Baba

Nyakabiga, Bujumbura
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Adija,

Assalam alaikum. Hujambo huko Kigoma? Goti linaendeleaje, na watoto wa mwanao Ilyasi wameacha kukohoa? Sisi wote tu wazima, na nikisema wote, Shangazi, namtia na Baba.

Najua simu yangu ya juma lililopita ilikuliza. Nisamehe. Viganja vya Baba viligeuka manjano, kisha nyayo, na sote tukawaza ini, lile lililomchukua Baba Mkubwa Shakuru. Baba akaacha kwenda garaji. Hospitali hakutaka hata kusikia. "Mi najua ninachokufa nacho," akasema.

Jumanne Mama akamwambia, "Basi nisindikize mimi, tansio yangu ya damu imepanda." Ndivyo tulivyomfikisha.

Docteur Elysée alimvuta kope za chini, akachungulia. "Nyeupe kabisa. Mutu wa ini, macho yake pia yanakuwa manjano. Mzee, unakula nini?"

Mama ndiye aliyejibu: tangu Ramadhani anakunywa juisi ya karoti, glasi mbili asubuhi na moja jioni, na kila siku boga lililopikwa kwa mawese. Jirani yetu Mwanvua alimwambia ni dawa ya macho, maana maandishi madogo kwenye vipuri yalikuwa yanampotea.

Docteur alicheka mpaka akashika meza. Akatueleza kwamba rangi ile ya karoti, boga na mawese mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo kweli inafaa macho. Ikizidi, inakaa tu kwenye ngozi, haidhuru. Hata hivyo alipima damu, na juzi majibu yakatoka: ini zima! Apunguze, rangi itaondoka yenyewe polepole. Macho ni ya umri, yanataka miwani.

Mwanvua alikuja uso ameuinamisha. Mama akamkalisha, wakala pamoja. Boga bado tunapika, lakini si kila siku.

Jana Baba alipata miwani yake. Aliivaa pale pale dukani, akamtazama Mama muda mrefu.

"Kumbe una mvi."

"Zimeota wiki hii," Mama akajibu.

Msalimie Ilyasi, mkewe Assia na watoto. Mwenyezi Mungu akulinde, atukutanishe sote tukiwa na afya.

Mwana wa kaka yako, akupendaye sana,
Houda