Baridi Inayoishia Usagara

Jumamosi, 5 Agosti 1995
Nimeosha pikapu ziwani, kwenye mawe mapana, kama kila Jumamosi. Maji yalifika magotini. Madereva wengine walikuwa wanaosha magari kwa kelele na matambara machafu. Gari linaoshwa kimya.
Pamba imejaa kila mahali. Kiwanda chetu kikianza kuchambua, hata uji unaunywa na nyuzi. Nimefungua kisanduku cha mbele ya abiria, nikaingiza waya wenye ndoano nyuma ya dashibodi, ndani ya kiyoyozi. Nimetoa pamba ya kujaza mto. Ikatoka pamoja na kimrija cha shaba, chembamba kama sindano ya kushonea magunia, ncha yake imezibwa. Hakipitishi maji wala hewa. Wajapani wakikosa cha kufanya ndiyo mambo wanayotengeneza haya. Nimekikunja na kukifunga pembeni kwa uzi wa magunia.
Gari hili lilikuwa la chama cha ushirika, sasa ni la kampuni. Nimeliendesha tangu viti vikiwa na nailoni ya dukani. Hakuna fundi anayelijua kunizidi.

Jumatano, 9 Agosti
Misungwi na meneja mpya, Bwana Kamugisha. Amesoma mpaka Ulaya. Anavaa tai kwenda kuangalia pamba ya wakulima. Feni hataki ipite namba moja, eti inamsumbua akisoma karatasi zake, lakini kitufe cha baridi anakizungusha mpaka mwisho.
Mpaka Usagara baridi safi. Tumepita njia panda, upepo ukaanza kufifia. Feni inanguruma, hewa haitoki. Meneja ameloa mgongo mzima. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye napuliza.
Tumekaa kwa wakulima saa mbili. Kuwasha, baridi imerudi kama vile haikuondoka. Tulipofika tena Usagara, ikafa. Uani kwetu gari limeacha dimbwi la maji chini. Halijawahi kuniaibisha hivi.

Alhamisi, 10 Agosti
Nimempelekea Magesa, fundi wa karakana yetu. Mkerewe, miaka thelathini na kitu, anaongea polepole mpaka unasinzia. Kila asubuhi huniamkia, shikamoo mzee, na mikono imejaa grisi. Huwa nampungia kichwa, yatosha.
Amewasha injini kivulini dakika kumi. Baridi tele. Akasema inafanya kazi. Bila shaka inafanya kazi, imesimama. Kampuni haikuweka kiyoyozi kwa ajili ya kivuli. Akaongeza gesi kidogo, kwa sababu fundi asiyejua kitu huongeza gesi.

Jumanne, 15 Agosti
Imekufa tena. Usagara ile ile. Karani wa mizani anasema pale njia panda pana kitu, tupite na chumvi mfukoni. Ana cheti cha kidato cha nne.
Magesa amekaa kiti cha mbele robo saa, kisanduku kiko wazi, bila kugusa chochote. Halafu akauliza:
"Mzee, kuna mtu ameingiza mkono huku nyuma ya dashibodi?"
Nikamwambia:
"Gari hili haliguswi na mtu ila mimi. Na wewe usiguse huko."
Akasema sawa mzee. Akaongeza gesi.

Ijumaa, 18 Agosti
Meneja ameamua twende kwa fundi wa mjini. Gereji iko Buzuruga, karibu na stendi. Siku hizi biashara huria: mwenye spana tatu ana gereji, na mwenye gereji ana mjomba Dubai. Huyu amevaa kofia ya nahodha. Hajawahi kupanda hata mtumbwi, nina hakika.
Amebadilisha mkanda. Akabadilisha rilei, kile kiswichi cha umeme. Akasema gesi yote ni mbovu, akaimwaga, akajaza nyingine. Mwisho akafunga kompresa, mashine ya kusukuma gesi, aliyoiita mpya. Rangi yake imebaki kwenye vidole vyangu.

Jumanne, 22 Agosti
Misungwi. Kompresa mpya, gesi mpya, mkanda mpya. Usagara, kimya. Meneja amevua tai, akaitupa juu ya dashibodi. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa hamu, lakini sikufurahi. Amesema nimezeeka pamoja na gari langu na huenda tukauzwa pamoja. Alikuwa anatania. Sikupenda utani wenyewe.

Alhamisi, 24 Agosti
Meneja ameniita ofisini. Ameuliza tatizo ni nini hasa. Nikamwambia mambo mawili. Kwamba mtungi wa gesi wa karakana unaisha haraka. Na kwamba Magesa ana kaka yake mjini anayetengeneza majokofu. Yote mawili ni kweli. Sikusema ni mwizi.
Meneja akamalizia mwenyewe. Magesa ataondoka kazini mwisho wa mwezi, na nyumba ya kampuni airudishe siku hiyo hiyo. Wanapunguza watu hata hivyo. Anataka nimwandikie tarehe zote ambazo kiyoyozi kilikufa na zote ambazo fundi aliongeza gesi, Jumatatu ziwe mezani. Anajua naandika kila siku, tabia niliyoipata ushirika.
Sina huruma. Kazi haimfai.

Jumapili, 27 Agosti
Baada ya misa nimekaa uani na daftari hili na karatasi safi, ninakili tarehe. Mke wangu, Mama Kulwa, ananimenyea viazi pembeni na kuuliza mbona nimetulia ghafla.
Nilianza na tarehe tisa. Nikataka kujua kabla ya hapo kiyoyozi kilikuwaje. Nikafunua nyuma ukurasa mmoja.
Tarehe tano. Mwandiko wangu. Waya wenye ndoano. Kimrija. Uzi wa magunia.
Siku nne kabla. Kabla ya hapo kiyoyozi hakikufa hata mara moja, miaka yote.
Fundi aliniuliza. Aliniuliza swali lenyewe, kwa maneno machache, na jibu langu nimeliandika hapa kwa wino nikiwa nimeridhika nalo. Nimemwambia Mama Kulwa viazi sitaki.

Jumatatu, 28 Agosti
Sikupeleka karatasi. Nimesema natafuta tarehe moja. Meneja ana kikao kutwa, nikaomba kupeleka magunia matupu Misungwi.
Nimeenda peke yangu. Feni namba moja, baridi mpaka mwisho, kama anavyopenda yeye. Kupita njia panda hewa ikafifia. Nikasimama, nikafungua kisanduku, nikaingiza mkono nyuma. Barafu. Pamejaa barafu nyeupe kama friza ya duka la soda. Upepo ulikuwa hauna pa kupita.
Nikasubiri chini ya jua mpaka maji yakachuruzika yote chini ya gari. Dimbwi ni lile lile. Wiki tatu nimelikanyaga bila kujiuliza linatoka wapi. Nikakata uzi, nikakirudisha kimrija mahali pake katikati ya mabati membamba ya kupoza hewa. Halafu Misungwi, halafu kurudi mpaka mjini. Baridi haikukatika. Mara nyingine nilisikia mashine inajizima kidogo na kuwaka tena. Kumbe kimrija ndicho kinachohisi baridi imezidi na kuiambia mashine ipumzike. Ndiyo kazi yake. Hakipitishi maji wala hewa.
Kwa hiyo gari limepona na hakuna aliyeniona. Nikinyamaza, Alhamisi Magesa ataondoka, na meneja atasema: ameondoka mwizi, baridi imerudi. Hata ushahidi utakuwepo. Nimeuwaza mpango huu kutoka Usagara mpaka getini na haukuwa na kasoro hata moja.
Nimepita nyumba za kampuni. Mke wa Magesa ameshashusha mapazia. Godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, liko mlangoni, na sufuria zimefungwa kwenye khanga. Aliniamkia. Walifundishana, hawa.
Ninajichukia. Naandika hivyo hivyo.

Jumanne, 29 Agosti
Nimeingia kwa meneja saa mbili na nusu. Nimemweleza nikiwa nimesimama. Nilianza na pamba, nikamaliza na barafu. Hata jibu nililompa Magesa sikuliacha.
Aliweka kalamu chini. Halafu akasema:
"Magesa aliniambia hivi hivi wiki iliyopita. Kwamba kuna kimrija kimefungwa kwa uzi. Nikamwambia asimsingizie mzee."
Kisha akacheka kidogo, kwa pua. Kicheko hicho nakifahamu. Nimewacheka watu hivyo hivyo miaka ishirini na miwili, sikujua kinavyoingia.
Barua ya kumwachisha Magesa kazi ameirudisha kwenye faili na kuandika juu yake ibatilishwe. Pikapu amepewa dereva mwingine. Mimi nitaendesha lori la magunia. Hakupandisha sauti. Nilikuwa na maneno ya kujitetea, niliyaandaa njiani, nikayaacha. Ufunguo nimeuweka mezani pamoja na kipande cha uzi.
Nikaenda karakana. Nikamwambia Magesa ni mimi. Akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.
"Nilikiona siku ile ile, mzee," akasema. "Lakini ulisema nisiguse."
Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika, ningejua la kufanya. Mtu mzima amekaribia kutolewa nyumbani kwake kwa kuniheshimu, na mimi heshima hiyo nilikuwa nailipa kwa kupunga kichwa.
Nilisema nisamehe. Neno lilitoka limekauka. Akasema yameisha, mzee. Sidhani yameisha.

Alhamisi, 31 Agosti
Mapazia yamerudi dirishani kwa Magesa. La kushoto limekaa juu kidogo. Pikapu imepita na meneja, vioo vimefungwa, tai iko shingoni. Dereva mpya anabadilisha gia kama anachimba mihogo. Nimemdharau mpaka walipokata kona, halafu nikachoka.

Jumamosi, 2 Septemba
Nimeosha lori ziwani. Ni kubwa, limenichukua asubuhi yote. Halina kiyoyozi, kioo cha kulia hakipandi. Pamba imejaa chini ya kiti. Nimeitoa kwa mkono, polepole, na kila waya niliokutana nao nimeuacha pale ulipo.
Nimerudi kiwandani saa sita. Magesa alikuwa bado karakana.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, fundi. Habari za nyumbani?"
Njema, akasema. Akauliza lori linaendaje. Nikamwambia ukikanyaga breki linavuta kushoto. Akauliza limeanza lini na kwa nini. Nikasema sijui.
Akatandika gunia, akaingia chini. Nikachuchumaa pale pembeni. Alipoomba spana namba kumi na saba, nikampa.